Kandida kwa watoto njiti wasioumwa, na usugu wa flukonazo: tutibu, tukinge au tuache?

Muuguzi wa Zamu

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya wale wanaohudumia watoto wachanga, hasa watoto njiti. Ninafanya kazi katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Hivi karibuni mwanafunzi wa shahada ya uzamili alifanya utafiti wodini kwetu. Alichukua swabu za mdomoni na za njia ya haja kubwa kwa watoto wote waliokuwa wamelazwa, wale wagonjwa na wale waliobaki kwa ajili ya kuongeza uzito tu, akazipeleka maabara zikaoteshwe. Majibu yamerudi, na yametugawa.

Watoto wengi wamekutwa na fangasi aina ya kandida, ilhali wananyonya vizuri, hawana homa, hawana utando mweupe mdomoni, na uzito wao unapanda. Zaidi ya hapo, baadhi ya fangasi hao wameonekana kuwa sugu kwa flukonazo, ambayo kwetu ndiyo dawa ya kwanza na mara nyingi ndiyo pekee iliyopo kabatini.

Wapo wenzetu wanaotaka kila mtoto mwenye majibu chanya aanzishiwe dawa mara moja kabla fangasi hawajaingia kwenye damu. Wapo wanaosema kila njiti apewe flukonazo ya kinga tangu siku za mwanzo, kwa kuwa hospitali za Ulaya na Marekani hufanya hivyo. Wapo pia wanaoona kwamba karatasi za majibu ziwekwe kwenye faili na maisha yaendelee. Mimi ninauliza mambo matatu: je, mtoto mwenye fangasi asiyeumwa atibiwe? Je, tuanze kutoa dawa ya kinga kwa njiti wote? Na la tatu, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: mtoto aliyezaliwa juzi, ambaye hajawahi kuonja flukonazo, anapataje fangasi sugu?

Daktari wa Wachanga

Dada Muuguzi, nianze na swali la kwanza kwa kuwa ndilo linalohitaji jibu leo. Mtoto anayenyonya, ambaye joto lake halipandi wala halishuki isivyo kawaida, na ambaye uzito wake unapanda, hatibiwi kwa sababu ya swabu. Kandida kuishi mdomoni, tumboni na kwenye ngozi ya mtoto ni jambo moja. Kandida kuingia kwenye damu, figo, ubongo au jicho ni jambo jingine kabisa. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, uliofuatilia watoto zaidi ya 2,000 katika vitengo vya uangalizi maalumu, 23% walikutwa na kandida wakati fulani wa kulazwa kwao, na walio wengi hawakupata maambukizi ya damu. Wodi ikiamua kumtibu kila mwenye fangasi, itakuwa inatoa dawa kwa karibu robo ya watoto wake bila faida iliyothibitishwa, na kila mara itakuwa inawaua fangasi wanaosikia dawa na kuwaachia nafasi wale wasioisikia.

Hata hivyo, siungi mkono hata kidogo hoja ya kuyafungia majibu kwenye faili. Swabu inaeleza machache kuhusu mtoto mmoja mmoja, lakini inaeleza mengi kuhusu wodi. Kama watoto waliolala vitanda jirani wana kandida ya spishi moja yenye usugu wa namna moja, kuna mkono, kifaa au chupa inayoisafirisha kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na jambo hilo ni la dharura hata kama hakuna mtoto aliyeugua bado.

Anayetakiwa kuangaliwa kwa jicho kali ni njiti mwenye uzito wa kuzaliwa chini ya gramu 1,000, na baada yake yule wa chini ya gramu 1,500, hasa akiwa na kanula ya mshipa mkubwa, akiwa amepewa sefotaksimu au antibayotiki nyingine pana (inayoua bakteria wa aina nyingi) kwa siku nyingi, akiwa anatumia dawa za kupunguza asidi tumboni, akilishwa kwa mshipa, au akiwa amefanyiwa upasuaji wa utumbo. Kwake, kandida ikionekana sehemu zaidi ya moja ya mwili, hatari inaongezeka. Dalili zake huwa hazina kelele: mtoto anaanza kusahau kupumua, chakula hakisogei tumboni, sukari inapanda bila sababu, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zinashuka, na hapati nafuu ingawa antibayotiki zimebadilishwa. Huyo msimsubirie swabu. Chukueni damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, lakini mkumbuke kwamba damu ya kuotesha huwakosa karibu nusu ya wenye kandida mwilini, kwa hiyo jibu hasi halimtoi mtoto hatarini.

Kwa mtoto kama huyo, katika wodi ambayo tayari imeonyesha usugu wa flukonazo, mimi huanza na amfoterisini B ya kawaida, dawa nyingine ya fangasi inayotolewa kwa mshipa, miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku. Kanula ya mshipa mkubwa iondolewe kama hali inaruhusu, maana kandida hujenga utando juu ya plastiki na dawa haifiki ndani yake. Maji ya uti wa mgongo yapimwe na macho yachunguzwe, kwa sababu kwa mchanga kandida ya damu na ya ubongo mara nyingi huenda pamoja. Matibabu huendelea kwa wiki mbili baada ya damu kuwa safi na dalili kuisha, wala siyo wiki mbili tangu dozi ya kwanza; hapo ndipo wengi wetu tunapokata dawa mapema.

Sasa dawa ya kinga. Ni kweli kwamba flukonazo ya kinga inafanya kazi. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa watoto 100 wenye uzito chini ya gramu 1,000: nusu walipewa dawa, nusu hawakupewa. Waliopewa hawakupata hata mgonjwa mmoja wa kandida ya ndani ya mwili, wakati kwa wengine ilikuwa 20%. Mwaka 2007 Italia ikatoa matokeo ya watoto 322 wa chini ya gramu 1,500: waliokosa dawa walipata ugonjwa kwa 13.2%, na waliopewa walikuwa chini ya 4%. Lakini mwaka 2014 ukaja utafiti wa watoto 361 wa chini ya gramu 750, katika vitengo ambavyo ugonjwa ulikuwa haba zaidi. Kandida ilipungua kutoka 9% hadi 3%, ila vifo havikupungua kwa kiasi cha kueleweka. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 unapendekeza kinga, miligramu 3 hadi 6 kwa kilo mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, kwa watoto wa chini ya gramu 1,000 walio katika vitengo ambako zaidi ya 10% ya watoto hao hupata kandida ya ndani ya mwili. Anayesema tuige wanavyofanya wenzetu naomba ausome na huo mpaka wa 10%.

Je, ninyi mmevuka 10%? Hamjui, na hamtajua mpaka muwe mnaotesha damu ya kila mtoto anayeshukiwa na kuandika jibu lake kwenye daftari. Na hata mkivuka, flukonazo haiwezi kumkinga mtoto dhidi ya fangasi ambaye tayari haisikii. Afrika Kusini inatufundisha jambo hapa: kati ya Candida parapsilosis, mojawapo ya spishi za kandida, zilizokusanywa katika ufuatiliaji wa kitaifa mwaka 2009 na 2010, zaidi ya nusu zilikuwa sugu kwa flukonazo. Mwaka 2014 wodi moja ya wachanga Johannesburg ikapata mlipuko mkubwa wa Candida krusei, ambayo kwa asili yake haijawahi kuisikia flukonazo. Kugawa flukonazo katika wodi ya namna hiyo ni kuwafukuza fangasi dhaifu ili wenye nguvu wapate nafasi.

Swali lako la tatu namwachia mwenzetu wa maabara, maana nimeona yupo jukwaani.

Mteknolojia wa Maabara

Ahsante, Daktari. Dada Muuguzi, mtoto wa siku mbili anaweza kupata fangasi sugu kwa njia tatu, na kila njia inadai hatua tofauti.

Njia ya kwanza ni mama. Wakati wa kuzaliwa, mtoto hupita katika njia ya uzazi na kuchukua kandida iliyopo pale, ambayo mara nyingi ni Candida albicans. Mama huyo huenda katika ujauzito alinunua flukonazo ya vidonge duka la dawa zaidi ya mara moja kwa ajili ya muwasho, bila kupimwa. Fangasi waliobaki kwake ni wale walioishi pamoja na dawa, na hao ndio anaowarithisha.

Njia ya pili ni sisi wenyewe. Candida parapsilosis hupenda mikono ya watu na plastiki. Katika utafiti uleule wa Marekani wa watoto zaidi ya 2,000 alioutaja Daktari, mikono ya wahudumu ilipopimwa, parapsilosis ilionekana katika 19% ya sampuli na albicans katika 5%. Mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji, ambaye hakupita njia ya uzazi, akikutwa na parapsilosis siku ya tano, mimi simuulizi mama yake maswali. Ninaomba nione ndoo ya kunawia, mipira ya kulishia na mahali dripu inapochanganywa.

Njia ya tatu ni asili ya fangasi mwenyewe. Flukonazo huua au hudumaza fangasi kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli, mafuta yanayoshikilia ukuta wa ndani wa chembe yake. Kimeng'enya hicho hutokana na jeni iitwayo ERG11. Jeni hiyo ikibadilika kidogo, dawa haiwezi tena kushika mahali pake. Na fangasi wengine hujiongezea pampu zinazoitapika dawa nje kabla haijafanya kazi. Hayo hutokea kwa kushinikizwa na dawa. Krusei, kwa upande wake, alizaliwa hivyo, na Candida glabrata yuko karibu naye.

Kwa hiyo naomba sana mrudi kwa mtafiti wenu mumuulize jambo moja kabla ya yote: fangasi hao sugu ni spishi gani? Jibu la «Candida, sugu kwa flukonazo» ni nusu ya jibu. Kama ni krusei, usugu huo haukutengenezwa na wodi yenu, ingawa huenda matumizi yenu ya flukonazo ndiyo yaliyompa nafasi. Kama ni albicans sugu, hilo si la kawaida na linataka kurudiwa kupimwa. Kama ni parapsilosis sugu yenye sura moja kwa watoto wengi, inasambaa kwa mikono.

Kutambua spishi hakuhitaji mashine ya mamilioni kwa kuanzia. Chukua koloni moja changa, ichanganye na nusu mililita ya seramu (maji ya damu) ya binadamu, iweke kwenye nyuzi 37 kwa saa mbili hadi tatu, kisha tazama kwa hadubini: albicans itakuwa imetoa mrija mwembamba usio na mbano pale unapoanzia. Ukiona mbano, huo si mrija wenyewe, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Ukiwa na agari ya rangi (jeli ya kuoteshea inayotofautisha spishi kwa rangi), albicans hutoka kijani, tropicalis buluu ya chuma, na krusei waridi kavu yenye kingo za manyoya. Waliobaki hutoka weupe au waridi hafifu, na kundi hilo ndilo la kuogopwa, kwa sababu parapsilosis, glabrata na hata Candida auris wanaweza kujificha humo.

Kuhusu auris niseme kidogo zaidi. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka sikio la mgonjwa mmoja nchini Japani, na haikuchukua muda ikaonekana katika mabara kadhaa. Jirani zetu Nairobi, hospitali moja iliyochapisha takwimu zake za mwaka 2010 hadi 2016, za hospitali nzima na siyo za wachanga peke yao, iliikuta ikiongoza kati ya kandida zote za damu kwa 38%. Katika utafiti wa kimataifa wa maambukizi ya damu ya wachanga uliofanyika kati ya mwaka 2018 na 2020, watoto 127 kutoka nchi nane walikuwa na kandida. Albicans ilikuwa ya kwanza, parapsilosis ya pili, na auris ya tatu kwa 14%. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano walifariki ndani ya siku 28. Nyingi kati ya auris ni sugu kwa flukonazo, na baadhi haziisikii hata amfoterisini. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la juu kabisa la fangasi hatari, pamoja na albicans. Mashine za zamani za utambuzi zilikuwa zikiiita Candida haemulonii. Kwa hiyo ukipewa jibu lenye jina hilo kutoka wodi ya wachanga, usilipokee kimyakimya. Hukua vizuri kwenye nyuzi 42, na kipimo hicho kidogo kinaweza kukufungua macho kabla hujatuma sampuli maabara kubwa.

Na kipimo cha usugu chenyewe kilifanywaje? Kwa njia ya diski, yaani kikaratasi chenye dawa kinachowekwa juu ya fangasi ili kupima duara lisiloota, flukonazo huwa mikrogramu 25, na agari ya Mueller-Hinton huongezwa glukosi 2% na rangi ya methilini buluu. Bila vitu hivyo viwili kandida hukua kwa unyonge na duara huwa na ukungu usiosomeka. Nimekwisha kuona majibu ya usugu yaliyotokana na agari isiyofaa, siyo na fangasi.

Mama Pacha

Samahanini wataalamu, mimi si mtu wa hospitali. Nimefika hapa nikitafuta habari za mdomo mweupe. Nilijifungua pacha njiti, tumeruhusiwa kurudi nyumbani, na sasa mmoja ana utando mweupe kwenye ulimi ambao haufutiki. Kliniki wamenipa nistatini ya matone. Mama mkwe anasema nimpake asali na jirani anasema GV, ile dawa ya zambarau. Baada ya kusoma haya yote nimeingiwa na hofu: je, mimi ndiye niliyewaambukiza? Je, niache kunyonyesha mpaka apone?

Daktari wa Wachanga

Mama Pacha, hongera kwa kuwafikisha nyumbani. Usiache kunyonyesha na usiache kuwabeba kifuani kwa kangaruu. Maziwa yako ni kinga yao, na kifua chako ni mahali salama zaidi kuliko kitanda cha wodi. Utando wa mdomoni kwa mtoto anayenyonya vizuri ni tatizo dogo na huisha. Tumia nistatini uliyopewa: umpe baada ya kunyonya ili dawa ikae mdomoni, uigawe pande zote mbili za shavu, na uendelee siku kadhaa baada ya weupe kuisha. Chuchu zikiuma au zikiwa nyekundu, na wewe utibiwe, la sivyo mtabaki mnapokezana. Kikombe na kijiko cha kulishia vichemshwe.

GV si dawa mbaya, lakini ile ya dukani mara nyingi ni kali mno kwa mdomo wa mchanga; huzimuliwa hadi 0.25%, na kwa kuwa tayari una nistatini huihitaji. Asali, kwa heshima zote kwa mama mkwe, mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi wala hapakwi mdomoni, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Na suala la nani kamwambukiza nani liache kabisa. Kandida ni mkazi wa kawaida wa miili yetu sote. Akikataa kunyonya, akilegea, joto likipanda au likishuka, au akipumua kwa shida, mrudishe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri dawa iishe.

Mfamasia wa Mkoa

Naongeza la upande wangu. Amfoterisini B katika hospitali nyingi za mikoa ipo, ila imewekwa kwa ajili ya wagonjwa wa VVU wenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokoka, kwa hiyo wodi ya watoto haijui hata kama ipo. Dada Muuguzi, nenda kamuulize mfamasia wako leo, na umwambie pia itatumika kwa nani. Kichupa kimoja cha ile ya kawaida kina miligramu 50, na njiti wa kilo moja anahitaji miligramu moja tu. Mkosaji mkubwa hapa ni nukta ya desimali. Dozi ihesabiwe na watu wawili, kila mmoja kwa karatasi yake.

Inazimuliwa kwa dekstrosi (maji ya sukari) 5% peke yake. Ikikutana na chumvi ya normal saline inaganda na kuchafuka, na hata mpira wa dripu usafishwe kwa dekstrosi kabla na baada. Iende taratibu, saa mbili hadi sita, huku potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) vikifuatiliwa. Wachanga huivumilia vizuri kuliko watu wazima, hivyo isiogopwe kupita kiasi. Kama mliyo nayo ni ile ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta), mkumbuke kwamba haifiki vizuri kwenye njia ya mkojo, na figo ni mahali kandida ya wachanga inapopenda kukaa.

Kwa flukonazo, angalieni watoto wa mama wenye VVU wanaopewa nevirapini, dawa ya VVU, kwani flukonazo huongeza kiwango cha nevirapini mwilini. Na hapo aliposema ndugu yangu wa maabara kuhusu mama wajawazito, mimi naona ndipo wafamasia tunapohusika moja kwa moja. Kidonge cha flukonazo kinauzwa kama pipi. Mjamzito mwenye muwasho anatakiwa dawa ya kuweka ukeni kwa siku saba, klotrimazo kwa mfano, na siyo kidonge. Nayo apewe baada ya kupimwa, maana si kila muwasho ni fangasi.

Muuguzi wa Zamu

Nawashukuru sana, na Daktari, shikamoo. Nimemtafuta mtafiti wetu. Amesema wengi wa fangasi sugu ni parapsilosis, na amekubali kurudia kipimo. Kwa hiyo kwa maelezo yenu, inasambaa kwa mikono. Nitakapokaa na kiongozi wa wodi nataka niende na mambo yanayofanyika kwa uwezo wetu. Tuna bomba moja la maji kwa chumba kizima, na vitakasa mikono huja na kukatika. Vitanda vya joto tunavifuta kwa dawa iliyopo siku hiyo. Nianzie wapi?

Daktari wa Wachanga

Marahaba. Anzia kwenye kitakasa mikono, kila kitanda na chupa yake, hata kama famasia italazimika kukitengeneza hospitalini kwa alkoholi na gliserini. Kandida zote hizi, auris ikiwemo, hufa kwa alkoholi. Bomba moja halitatosha kamwe, na mtu mwenye watoto kumi na tano hawezi kwenda bombani kati ya kila mtoto na mwenzake. Pete, saa na kucha ndefu zibaki nje ya mlango, kuanzia kwa madaktari bingwa, ambao kwa uzoefu wangu ndio wagumu kuambiwa.

Pili, dripu na maziwa visichanganywe juu ya meza inayowekwa nepi. Chupa moja ya dekstrosi kuchomwa sindano kwa ajili ya watoto kadhaa ikome kabisa.

Tatu, vitanda na inkubeta. Nyuso ngumu zioshwe kwa sabuni kwanza, kisha klorini 0.5%, ambayo kwa Jik ya 3.5% ni kipimo kimoja kwa maji sita, isubiriwe dakika kumi, kisha ifutwe kwa maji safi na kukaushwa kabla mtoto hajarudishwa. Dawa za jamii ya fenoli zisitumike kwenye inkubeta, kwani zimewahi kuwapandishia wachanga manjano. Dawa nyingi za harufu nzuri zinazouzwa kwa ajili ya sakafu haziiwezi auris, kwa hiyo harufu isiwe kipimo.

Nne, na hili halina gharama: kila asubuhi kwenye mzunguko, muuguzi awe na haki ya kuuliza antibayotiki ya kila mtoto ni ya siku ya ngapi na kwa nini haijasimamishwa. Damu ya kuotesha ikirudi safi baada ya saa 48 na mtoto ni mzima, isimamishwe. Ninaamini hatua hiyo itapunguza kandida wodini kwenu kuliko flukonazo yoyote ya kinga, kwa sababu antibayotiki pana ndizo zinazofagia bakteria wa utumbo na kuwaachia fangasi uwanja.

Flukonazo ya kinga iwekeni pembeni kwa sasa. Tukipata takwimu zenu za damu, na tukijua parapsilosis yenu ni sugu kiasi gani, tutalijadili tena. Na pengine kwa wale wa chini ya gramu 1,000 itafaa kufikiria nistatini ya mdomoni, yuniti 100,000 mara tatu kwa siku, ambayo haifyonzwi kuingia mwilini na usugu wake ni nadra.

Mteknolojia wa Maabara

Kwa upande wa takwimu hizo, naomba mfanye hivi. Kila chupa ya damu ya mchanga iwe na mililita moja au zaidi kama uzito unaruhusu, ichukuliwe kabla ya dawa, na kwenye fomu pasikosekane uzito wa kuzaliwa, umri kwa siku, njia aliyozaliwa, kanula aliyonayo na dawa alizokwisha kupewa, mama akiwa ametumia flukonazo katika ujauzito nalo liandikwe. Mwambieni wa maabara asiitupe chupa kabla ya siku tano, na kila kandida itakayoota kwenye damu aihifadhi kwenye gliserini ndani ya friza, ili siku sampuli za spishi zenye shaka zitakapotumwa maabara ya taifa ziende zote pamoja na tuweze kuzilinganisha na zile za swabu. Nikitumiwa picha za sahani za agari kwa ujumbe wa faragha nitazitazama, ila zisiwe na jina la mtoto.